Risasi za Mauser kuukuu: nilizojaribu na ninazonunua sasa

Bunduki yenyewe ni Mauser Kar98k ya Kijerumani, mali ya zamani ya jeshi, na namba ya bolti (kipande kinachofunga nyuma ya mtutu) haifanani na namba ya mwili. Bunduki za namna hii zilifumuliwa na kuunganishwa upya kwenye maghala, bolti ya huku ikaingia kule. Kwa macho haina neno. Shida ni kwamba bolti ngeni inaweza kuacha nafasi nyuma ya ganda la risasi, na baruti ikiwaka ganda linavutika mpaka linakatika karibu na kitako, gesi ya moto ikarudi usoni kwa mpigaji. Kwa hiyo nilianza kwa fundi bunduki, risasi baadaye. Aliipima kwa geji, vipande vya kupimia nafasi hiyo: bolti ikafunga kwenye geji fupi, ikagoma kwenye ndefu, na ndivyo inavyotakiwa. Kisha akapitisha kipande laini cha madini ya risasi ndani ya mtutu na kukipima kwa mikromita. Vipimo vilionyesha mtutu mpana, wa milimita 8.2.

Kipimo hicho ndicho kinachoamua ununue kasha gani. Mwanzoni Wajerumani walitumia kichwa cha risasi cha milimita 8.07 hivi, halafu mwaka 1905 wakahamia cha milimita 8.2. Ganda halikubadilika umbo la kutosha kukuonya, kwa hiyo risasi pana inaweza kuingia kwenye chemba ya bunduki ya zamani yenye mtutu mwembamba. Kar98k ilitoka mwaka 1935, wakati huo jambo hili lilishakwisha, lakini mwenye Gewehr 88, bunduki ya Wajerumani ya kabla ya badiliko hilo, asiguse kasha lolote kabla ya kupimiwa. Kwenye kasha tafuta herufi S: 8x57 IS au JS ni pana, 8x57 I au J bila S ni nyembamba. Zilizoandikwa 7.92x57 ni zile zile pana.

Za kwanza kujaribu zilikuwa risasi za jeshi za miaka ya 1950, zimefungwa kwa karatasi. Sitaji zilitengenezwa wapi. Nilizikagua moja moja kwenye mwanga na nikatenga nyingi kuliko nilivyotarajia. Nyingine zilikuwa na ufa mwembamba kama unywele shingoni mwa ganda, nyingine ukoko wa kijani kuzunguka fataki, kile kiwashio cha baruti kilichopo kitakoni. Moja niliyoichomoa kichwa ilitoa harufu kali ya asidi, dalili kwamba baruti imeanza kuoza. Zilizopita ukaguzi zilipiga vizuri, isipokuwa moja: triga ikavutwa, kimya kidogo, ndipo ikalipuka. Ndiyo maana risasi ikigoma huifungui bolti papo hapo. Mtutu unabaki umeelekea shabaha, unahesabu nusu dakika au zaidi.

Usafi wake nao ni kazi. Fataki za zamani zina klorati ya potasiamu, ambayo ikiungua huacha kloridi ya potasiamu mtutuni, chumvi inayovuta unyevu hewani na kuleta kutu upesi. Mafuta ya bunduki hayaiyeyushi. Kinachoiondoa ni maji: mimina ya moto kutoka upande wa chemba, osha na uso wa bolti, kausha, ndipo upake mafuta. Na ni siku hiyo hiyo, si kesho. Pitisha sumaku pia kwenye vichwa vya risasi. Nyingi za jeshi zina chuma ndani, na viwanja vingi vya shabaha havizitaki.

Baada ya hapo nikachukua Remington za greni 170 (greni ni kipimo cha uzito wa kichwa cha risasi). Hizi ni laini kwa makusudi. Viwanda vya Marekani vinajua bunduki zenye mtutu mwembamba bado zipo mikononi mwa watu, kwa hiyo kikomo chao cha shinikizo kwa risasi hii ni psi 35,000, takriban megapaskali 241, wakati kikomo cha Ulaya ni megapaskali 390. Tofauti unaihisi begani. Bolti ilifunguka kwa kidole na fataki zilibaki na kingo za mviringo, dalili kwamba shinikizo si kubwa. Ila kwenye shabaha ya mita 100 zilipiga chini ya alama, maana saiti ya bunduki ilitengenezwa kwa risasi nzito ya jeshi. Ulaini huo, hata hivyo, si ruhusa ya kuziweka kwenye mtutu usiopimwa.

Nilipotulia ni kwa Prvi Partizan za Serbia, greni 198, uzito ule ule wa risasi nzito ya Wajerumani. Maganda ni ya shaba ya njano, safi, na fataki zake haziachi chumvi. Zina nguvu kuliko za Marekani, kwa hiyo sikuzitumia mpaka nilipoona majibu ya geji. Maganda ya mwanzo niliyachunguza kwa waya mwembamba uliopindwa ncha: unauingiza ndani na kuukwaruza kuelekea kitako. Ncha ikizama kwenye mfereji ujue ganda linakaribia kukatika, na bunduki irudi kwa fundi. Yangu yalikuwa laini kote. Risasi zilijikusanya vizuri kuliko zote nilizojaribu, na kwa kuwa fataki yake inang'oka kirahisi, ganda linajazwa tena bila usumbufu.

Nazipa nyota nne kati ya tano. Nyota ya tano imeliwa na kasha: kadi yake ni nyepesi, inachanika pembeni, na risasi zinagongana njiani. Mimi huzihamishia kwenye boksi la plastiki na kukata ile lebo ya kasha niiweke humo humo, ili kesho na keshokutwa mtu mwingine asijiulize kama hizi ni IS au I.