Flashi ya amapiano nyimbo 412 kutoka Mwanga, Kigoma: nimekaa nayo wiki tatu kinyozini

Wadau habari zenu. Naandika kuhusu hii flashi kwa sababu watu wengi hapa mjini wananunua, wenye saluni, wenye bajaji, wenye grosari, na kila nikikaa na watu naambiwa amapiano, huu mziki wa Sauzi ambao wengi tunauita piano tu, imechuja, imeisha, tutafute kingine. Mimi ni kinyozi hapa Mwanga, sabufa yangu inawaka saa mbili asubuhi inazimwa saa tatu usiku, na kinyozi bila mziki watu hawakai, mtu anachungulia anakuta kimya anakwambia narudi baadae afu humuoni tena. Kwa hiyo ninachosema hapa nimekisikia kwa masikio yangu siku nzima wiki tatu mfululizo.

Flashi ya GB 16 nimenunua elfu kumi na mbili, kujaza elfu tano, kwenye kibanda kimoja cha kurushia nyimbo huku huku Mwanga. Jina siweki, kijana ni mtu mzuri na tunasalimiana kila asubuhi. Nikamwambia dogo nataka piano tupu, ya Sauzi na ya Bongo, mpya na za nyuma. Baada ya saa moja nikakabidhiwa nyimbo 412. Niseme mazuri haraka haraka: huduma ya upesi, lugha nzuri, virusi hamna, folda zimepangwa kwa jina la msanii, na sauti ni safi isipokuwa kama nyimbo thelathini hivi zilizotolewa kwenye video, zile ukiongeza kidogo sabufa inapasuka.

Siku ya nne akaja mzee mmoja wa Katubuka, mteja wangu wa miaka, huwa anakuja kila baada ya wiki mbili kupunguza ndevu na kuchonga pembeni. Nikampa shikamoo, nikamfunga kitambaa, kazi ikaanza. Katikati hivi akaniuliza, "Mwanangu, huu wimbo unaisha saa ngapi?" Nikamwambia mzee wangu, tangu umekaa zimepita nyimbo tano. Akasema hapana, ni mmoja.

Lile neno sikulala nalo vizuri. Yule mzee sio wa kuchukia mziki, ujana wake wote umepita kwenye dansi, anakutajia wapiga solo wa Kongo kama anavyotaja wanae. Kesho yake nikaanza kusikiliza kwa makini nikakuta mzee ana haki. Kichwa kimoja na ndevu zake mimi natumia dakika 25 mpaka 30. Piano ya Sauzi yenyewe, ile halisi, wimbo mmoja unaenda dakika sita, saba, hata nane, yaani kichwa kimoja nyimbo nne hivi. Kwa hii flashi kichwa kimoja zinapita nyimbo kumi, na zote kumi dramu inaingia ndani ya sekunde kumi na tano za mwanzo, inapiga vilevile, wimbo unakatika, unaingia mwingine na dramu ileile. Ukitoka kwenye kiti umepigwa dramu moja nusu saa nzima.

Kwa asiyejua naongelea dramu gani, ni ile sauti nzito inayotembea chini kama mtu anagonga gogo lenye uwazi ndani, wenyewe wanaiita logi dramu. Sio ngoma ya kupigwa na mkono, ni sauti iliyomo kwenye FL Studio, programu ya kompyuta ya kutengenezea mziki, kwenye kinanda chake kimoja kinaitwa DX10, na anayetajwa sana kwamba ndo aliifanya ikawa uti wa mgongo wa piano ni prodyuza wa Sauzi MDU anayejiita TRP. Sasa fikiria, sauti ipo kwenye programu, kila mwenye kompyuta anaipata. Mimi naona hiyo ilikuwa baraka kubwa, ndo iliyofanya vijana wa mitaa ya jimbo la Gauteng huko Sauzi, Pretoria na Johannesburg (mpaka leo wanabishana nani alianza), wachukue kwaito, ule mziki wa mitaani wa Sauzi wa miaka ya tisini, waongeze dipu hausi ya klabu na vinanda vya jazi, wapunguze mwendo mpaka biti 110 na kitu kwa dakika, mwendo wa mtu anayetembea hana haraka, na watoe mziki uliozunguka dunia kutoka chumbani kwao. Kabza De Small na DJ Maphorisa, madijei wakubwa wa piano ya Sauzi, walipoungana wakajiita Scorpion Kings mwaka 2019 sisi huku tulikuwa bado tunasikia kwa mbali. Mwaka 2021 Diamond akamshirikisha Focalistic, rapa wa Sauzi, baada ya hapo karibu kila studio ya Bongo ikataka dramu hiyo, na Tyla, yule mwimbaji dada wa Sauzi, alipochukua Grammy mwaka 2024 ndo hata bibi yangu Ujiji akajua kuna kitu kinaitwa amapiano. Lakini baraka hiyohiyo, sauti ikiwa mikononi mwa kila mtu, na kila mtu anaiweka palepale, masikio yanachoka. Hilo sikatai.

Ila kuna kitu kilinisumbua. Kuna wimbo mmoja wa Kabza ninao kwenye simu tangu zamani, naujua kama njia ya kwenda nyumbani, na huo wimbo kwenye flashi ulikuwa unanipita bila kunigusa hata kidogo. Jioni moja nikaweka simu na flashi pamoja nikalinganisha. Kwenye simu dakika saba na sekunde kadhaa. Kwenye flashi dakika tatu na sekunde tano. Dakika nne zimeenda wapi?

Nikaenda kibandani na flashi mkononi. Sikwenda kwa shari, nikamuuliza tu dogo hizi nyimbo umezipata hivi au umezigusa, akanijibu bila kuficha, "Kaka nimezikata mwanzo, na mwisho pia." Anakata kwa programu ya simu kabla hajarusha. Nikamuuliza kwa nini sasa, akanieleza kitu ambacho nimekifikiria sana. Anasema mteja akija pale kibandani anasikilizishwa kwa sekunde kumi, akisikia vinanda tu na manyanga anasema hii sio piano niwekee piano, kwa hiyo yeye anaikata mpaka dramu inapoanzia ili mteja aridhike na aondoke. Amefanya hivyo kwa nyimbo zaidi ya mia mbili, kazi ya mikono, usiku. Kweli nilimuonea huruma, ni kazi kubwa ameifanya kuharibu kitu kizuri, na ameifanya kwa sababu sisi wateja ndo tumeiomba.

Wenzangu, kwenye mziki huu dramu sio wimbo. Wimbo ni kule kuisubiri. Mwanzo wanakuwekea manyanga, vinanda vinazunguka taratibu, mtu anaongea Kizulu kama yupo chumba cha pili, dakika moja, mbili, mpaka mwili wenyewe unaanza kuidai ile dramu, na ikija unajua imekuja. Sasa ukiiweka mwanzoni kabisa unakuwa umempa mtu nyama kabla hajasikia harufu ya jikoni. Na sisi watu wa Kigoma hili jambo tulitakiwa kulijua kuliko wote Tanzania hii. Ng'ambo ya ziwa hapo ni Kalemie na Uvira, wazee wetu wamekua na redio za Kongo, na rumba nyingi ndo ilivyo, mnaimbiwa taratibu, mnasimuliwa mambo ya mapenzi na maisha, watu wamekumbatiana, mpaka sebene, ile sehemu ya magitaa ya kuchezea, inafunguka na ukumbi mzima unainuka. Enzi za santuri wimbo wa Franco wa Kongo mara nyingi ulikuwa unaishia upande wa kwanza, unageuza, unaendelea upande wa pili, na sebene mara nyingi ipo huko. Wazee wetu hawakuikata nusu ya kwanza wakasema nipe sebene tu.

Basi dogo akakubali kunijazia upya, hakunitoza hata mia. Nyimbo 140 tu safari hii, ndefu, hazijaguswa. Akaniongezea na za Kelvin Momo, ile wanayoita piano ya praiveti skuli, ya utulivu, dramu humo wanaitumia kama chumvi, na chache za Thakzin za mtindo wanaouita thri stepu ambapo lile teke la besi linapiga mara tatu badala ya nne, unasikia kama mguu umebaki hewani. Hizo za thri stepu niseme ukweli zimeniamsha, nilikuwa sijasikia kitu kipya hivyo muda mrefu.

Siku ya kwanza ilikuwa ngumu. Dogo mmoja wa boda alikaa kwenye benchi akasema kinyozi leo umeweka mziki wa msibani. Nikamwambia subiri. Dakika ya tatu dramu ikaingia, akanyamaza na simu akaiweka mfukoni, mguu ukaanza wenyewe. Sio wote lakini, kuna wawili walinambia nirudishe zile za kwanza, na wakina dada wanaoleta watoto kunyolewa wanapenda zaidi za Bongo kwa sababu wanaimba nazo, na hapo wana haki yao, Kiswahili ni Kiswahili. Kuna waliosema niweke singeli. Singeli naipenda sana, ni yetu, lakini ina biti 200 na zaidi kwa dakika na mimi nimeshika wembe shingoni kwa mtu.

Mzee wa Katubuka alirudi juzi. Sikumwambia kitu, nikaweka ule wimbo wa Kabza wa dakika saba. Akafumba macho kama kawaida yake. Ilipoingia dramu akafumbua jicho moja akauliza, "Hawa ni Wakongo wa wapi?" Nikamwambia mzee wangu hawa ni Wasauzi, ni walewale wa siku ile. Akasema hawa wanajua kupika.

Kwa hiyo je amapiano imechuja? Kwa nilivyosikia mimi, kilichochuja ni ile ya dakika mbili na nusu, na hapa simlaumu dogo wa kibanda peke yake maana nyimbo nyingi za kwetu zinatoka studio zikiwa tayari fupi, dramu ipo mlangoni, hazikukatwa na mtu. Hizo nimeshazifuta karibu zote, nimebakiza za Marioo kwa sababu yule anaimba, dramu ikiwepo isipokuwepo sauti inakaa. Na hata za Sauzi zipo ambazo ni ndefu na hamna kitu, mtu kaweka vinanda vilevile na dramu ileile akaamini urefu utamsaidia. Nimezifuta pia.

Na nyie wenye mixi za noni stopu, dijei anataja jina lake kila nusu dakika na ving'ora juu yake, ile naomba tuache. Ukimpigia mtu wa saluni kitu kile siku nzima kichwa kinamuuma yeye na mteja.

Flashi ya kwanza naipa nyota mbili kati ya tano, nyota zote mbili ni za huduma na usafi wa sauti. Ya pili nyota nne, moja nimeibana kwa ajili ya zile nyimbo za kwenye video ambazo bado zipo tano au sita humo, ametoa nyingi lakini sio zote.

Kama unataka ya kwako pale kibandani sasa hivi kuna folda mbili, muulize "zilizokatwa au nzima", atakuelewa. Ukisikilizishwa usisimamishe kwenye sekunde ya kumi, mwambie aache iende mpaka dakika ya tatu hata kama foleni ipo nyuma yako. Bei ni ileile elfu tano.