Karata za taroti: picha nimezipenda, kijitabu kimenishinda

Nimekaa na pakiti hii ya taroti, karata za picha ambazo wengi huzitumia kutabiria, miezi mitatu, kila asubuhi nikichanga na kutoa karata moja kabla sijashika simu. Niseme mapema kwamba simtabirii mtu. Kwangu karata ni swali la kuanzia siku. Anayetaka kujua atamwoa nani, maoni yangu hayatamfaa.

Picha ni zile zilizotoka London mwaka 1909, mawazo ya mwandishi A. E. Waite, mkono wa Pamela Colman Smith. Ziko 78. Kwa miaka mingi zimeitwa kwa jina la mchapishaji Rider na la Waite, na mwanamke aliyezichora akaachwa nje, ilhali ndiye aliyezifanya zisomeke. Katika pakiti za kale, tano ya vikombe ilikuwa vikombe vitano vimepangwa, basi. Yeye akamweka mtu mwenye joho jeusi anayeinamia vikombe vitatu vilivyomwagika, na viwili vizima vimesimama mgongoni mwake, naye haviangalii. Mwaka huohuo wa 1909 alimwandikia Alfred Stieglitz, mpiga picha wa Marekani, kwamba amemaliza kazi kubwa kwa pesa kidogo sana. Nikikumbuka hilo huzitazama kwa makini zaidi.

Ugomvi wangu ni na kijitabu kilichomo ndani ya boksi. Kila karata kimeipa maneno matano au sita, bila kueleza yametoka wapi. Kwa nane ya panga kinataja kifungo, habari mbaya na ugonjwa. Niliitoa asubuhi moja wakati nilikuwa wiki ya tatu naahirisha kumwambia mkubwa wangu kazini kwamba majukumu ya ziada yamenielemea. Nikafunga kijitabu, nikatazama picha. Mwanamke amefungwa kitambaa machoni na kamba mwilini, panga zimechomekwa ardhini kumzunguka. Lakini miguu yake haijafungwa, na mbele yake hakuna upanga hata mmoja. Mchana ule nikaenda kumwona mkubwa. Alinipunguzia nusu tu ya niliyoomba, ila nilikuwa nimeshatoka pale nilipokwama.

Karata ya Kifo ndiyo inayotisha wageni, na kijitabu kinazidisha hofu kwa kuandika maafa. Itazame taratibu: mifupa iliyovaa deraya juu ya farasi mweupe, bendera nyeusi yenye waridi jeupe. Mfalme ameshaanguka, askofu anasihi, mtoto amepiga magoti anaangalia tu. Kwa mbali, kati ya minara miwili, kuna jua. Minara ya namna hiyo utaikuta tena kwenye karata ya Mwezi, na tangu nilipoigundua siwezi kusoma moja bila kuikumbuka nyingine. Kijitabu hakigusi lolote kati ya haya.

Halafu kinadai eti karata hizi ni hekima ya siri ya Misri ya kale. Dai hilo lilienezwa na mwandishi Antoine Court de Gébelin huko Paris mwaka 1781, zaidi ya miaka 40 kabla Mfaransa Champollion hajafumbua maandishi ya Wamisri, kwa hiyo Court de Gébelin hakuwa na namna ya kuyasoma. Taroti ilianza kama mchezo wa karata Italia ya kaskazini, karne ya 15.

Na hapa mjomba wangu alinisaidia kuliko kijitabu. Ni mcheza karata mzoefu, mambo ya ramli hayataki hata kuyasikia. Alichungulia mezani akauliza, "Mwanangu, turufu ni zipi hapo?"

Nilicheka, kisha nikanyamaza. Zile karata kubwa 22 zisizo na fungu, kama Kifo na Mwezi, ukimtoa Mjinga, ndizo zilikuwa turufu za mchezo ule. Waitalia waliziita trionfi, na turufu yetu tuliipata kwa Wareno, trunfo, neno la ukoo huohuo. Nikaendelea kuhesabu vidoleni. Kopa, kwa Kireno, ni vikombe. Shupaza ni panga. Uru ni dhahabu, na pau ni fimbo. Yaani mafungu yote manne ya taroti nilikuwa nayataja tangu utotoni nikigombania mezani! Tangu siku hiyo sijachanganya tena maana za mafungu hayo. Kopa tunaichora kama moyo, nami nikiona vikombe naanzia kwenye moyo: mapenzi, huzuni, kinyongo. Panga ni fikra na maneno yanayokata. Dhahabu ni mali na mwili, fimbo ni ari na kazi. Mjomba alipoambiwa haya alisema tu kwamba karata zenyewe ni nyingi mno kwa mkono mmoja.

Karata zilizogeuka juu chini huwa nazirudisha wima. Wengine watanilaumu, kwa kuwa wao huzipa maana tofauti zikiwa hivyo.

Kuhusu uchapaji: rangi ni nzuri, karatasi inateleza vizuri mkononi, ila karata ni ndefu na mwenye viganja vidogo atapata tabu kuchanga. Kosa kubwa ni kwamba kingo zimekatwa ili picha ijae. Pamela aliweka sahihi yake, herufi P, C na S zilizosokotana, karibu na ukingo wa chini, na kwenye karata kadhaa za pakiti yangu imekatwa katikati. Kabla hujalipa, omba ufunguliwe boksi la mfano, uangalie kona za chini. Ukiiona sahihi nzima, chukua, na kijitabu mwachie muuzaji.