Toyota 86 na super ya kawaida: yaliyonikuta Mombasa

Nianze na shemeji yangu wa Nairobi, maana ushauri ulitoka kwake. Ana Toyota 86, gari la spoti, kama yangu, na tangu ainunue anaitia super ya kawaida, petroli ya kila kituo. "Miaka miwili sasa, haijakohoa hata siku moja," aliniambia. Nikamwamini. Gari langu, la 2014, lilikuwa limetoka bandarini majuzi, mfukoni nimebaki na vumbi, na petroli ya daraja la juu ilikuwa imeizidi super kwa kama shilingi 20 kwa lita. Tangi la 86 ni lita 50. Elfu moja kila nikijaza si pesa ya kuokota njiani.

Ndani ya kifuniko cha mafuta kuna kibandiko cha Kijapani. Nilikimulika kwa simu, ikanitafsiria: premium, yaani ya daraja la juu, isiyo na madini ya risasi. Nikacheka peke yangu. Petroli ya risasi Kenya tuliachana nayo 2006, kwa hiyo nikakichukulia kibandiko kizima kuwa habari za zamani.

Wiki tatu za mwanzo sikusikia kitu. Nilikuwa nazunguka mjini tu: Nyali, Buxton, Moi Avenue, foleni ya feri ya Likoni. Gari lililo kwenye foleni halijui oktani, ile namba ya daraja la petroli. Kisha siku moja ya Februari, saa nane mchana, nikawa naelekea Mariakani. Kwenye mlima wa Mazeras nikakwama nyuma ya trela la kontena. Nafasi ilipopatikana nikakanyaga mafuta hivyo hivyo nikiwa gia ya nne, injini ikiwa mizunguko elfu mbili na kitu kwa dakika. Vioo nilikuwa nimeviteremsha. Nikasikia mlio mwembamba wa chuma, wa haraka haraka, kama muuza kahawa anavyogonganisha vikombe vyake akipita barazani. Nikaachia mafuta, ukakata. Nikakanyaga, ukarudi. Na gari halivuti! Gari la spoti, linapumua sambamba na trela lenye mzigo, na dereva wa trela ananitazama kutoka juu.

Fundi aliyeliangalia hakuhangaika. "Petroli ni petroli, yakhe. Hizo plagi." Kubadilisha plagi kwenye 86 si kazi ya dakika kumi, maana silinda zake nne zimelala ubavu, mbili huku mbili huku, na mkono haupati pa kupita. Nikalipa. Plagi mpya, muuza kahawa yule yule.

Ndipo nikakaa kuisoma injini niliyonunua. Inaitwa FA20, imetengenezwa na Subaru, na mgandamizo wake ni 12.5 kwa 1. Yaani kilichojaza silinda nzima kinasukumwa mpaka kibaki sehemu moja tu ya kumi na mbili na nusu. Hewa ukiibana inapata moto. Aliyewahi kutia upepo baiskeli kwa pampu ya mkono anajua pampu inavyochoma. Sasa petroli yenye oktani ndogo haivumilii joto hilo. Plagi inawasha, moto unaanza kusambaa, na kabla haujafika pembeni, mchanganyiko uliobaki unajiwakia wenyewe kwa kishindo. Huo ndio mlio, na ndio unaoitwa kugonga. Oktani si ukali wa mafuta kama tunavyosimuliana vijiweni, ni uvumilivu wake tu. Japani petroli ya juu huwa na oktani ya kama 100 na ya kawaida karibu 90, na 86 ilipangiwa ile ya juu. Super yetu haifiki huko.

Niseme pia kwamba injini haikufa, na sidhani ilikuwa karibu kufa. Ina sensa inayosikiliza kugonga, na ikisikia, kompyuta inachelewesha cheche ya plagi. Kugonga kunapungua, nguvu nazo zinaondoka. Nilinunua kile kidude cha OBD, cha kusoma kompyuta ya gari, kinachochomekwa chini ya usukani, nikawa naangalia namba kwenye simu huku binamu yangu akiendesha. Kila akikanyaga mlimani, cheche ilirudi nyuma, yaani ilichelewa, digrii tatu, mara nyingine nne. Kwenye tambarare ya Mtwapa kwenda Kilifi, mwendo wa pole, haikurudi hata moja.

Na shemeji? Hakunidanganya. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, silinda haijai kama inavyojaa huku, shinikizo ni dogo, na hata super ya kawaida inavumilia. Hapa tuko usawa wa bahari, hewa imejaa, na kaskazi ikivuma injini inavuta hewa iliyokwisha kupata joto. Gari moja, mafuta yale yale, mtihani tofauti. Nilipomweleza alinuna kidogo, hasa nilipoongeza kwamba hewa hiyo hiyo inamla nguvu yeye kila siku na hajui.

Nikahamia petroli ya daraja la juu. Tangi la kwanza halikuonyesha mengi kwa sababu lilichanganyika na masalio. La pili ndilo lililonifungua macho. Mlima ule ule, gia ya nne, jua lile lile: kimya. Cheche ilirudi nyuma digrii moja mara mbili tatu, basi. Kutoka mizunguko elfu nne kwenda juu gari likawa jepesi, likawa linataka kwenda lenyewe. Ulaji ulitoka kilomita 9.8 kwa lita ukafika 10.5. Msije mkasema inajilipa, haijilipi. Nimepiga hesabu, bado natoa zaidi mfukoni. Nalipia gari nililolinunua liwe lile nililolinunua.

Mke wangu ana Vitz. Hiyo naitia super ya kawaida na nitaendelea kuitia, maana haikuundwa kudai zaidi.

Jambo moja lilinitia wasiwasi. Kuna kituo kimoja, sikitaji, nilichojaza usiku nikitoka safari, na kugonga kukarudi vibaya kuliko hata mwanzo. Sina ushahidi wa kuchanganywa mafuta ya taa, ila mafuta ya taa oktani yake ni duni mno, na serikali haikuweka ushuru wa shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 bure bure. Uchanganyaji ulikuwa umezidi. Tangu siku hiyo najaza kituo kimoja tu, chenye magari mengi, ambako mafuta hayakai. Ukilazimika kutia super, punguza gia kabla ya mlima na usikanyage injini ikiwa mizunguko ya chini. Inasaidia kuliko nilivyotegemea.

Na ile dawa ya chupa ya kuongeza oktani? Nilinunua mbili kabla ya haya yote. Chupa imeandikwa inaongeza "pointi" kadhaa, nikadhani pointi moja ni oktani moja. Kumbe kwa lugha yao pointi mara nyingi ni sehemu ya kumi ya oktani. Chupa ya kwanza nilimimina yote, mlimani muuza kahawa akaja na vikombe vyake kama kawaida. Ya pili bado iko kwenye buti, haijafunguliwa. Anayeitaka aje Kisauni aichukue, simtozi hata senti.