Siku nne za kujifunza kuzamia Nungwi: nilichokipenda, kilichoniudhi, na sikio langu la kulia

Nilipompigia mama kumwambia nakwenda Unguja kujifunza kuzamia, alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Unazamia nchi gani tena, mwanangu, na kazi unayo?" Kwetu Dar mzamiaji ni yule aliyejificha kwenye meli akaenda kutafuta maisha ng'ambo. Nikamweleza kwamba mimi nashuka chini ya maji na mtungi wa hewa mgongoni, napanda, na jioni nampigia. Hilo nalo halikumfurahisha.

Kozi yenyewe ni ile ya mwanzo, Open Water ya PADI, shirika la kimataifa la mafunzo ya kuzamia. Nadharia unaisoma nyumbani kwenye simu, halafu unafanya mazoezi kwenye maji mafupi, kisha unazama mara nne baharini. Ukifaulu unapewa kadi ya kushuka hadi mita 18 ukiwa na mwenzako. Nililipa dola 500, wakati ule kama milioni moja na laki tatu, pamoja na vifaa. Ada ya hifadhi ya Mnemba, kisiwa tulichozamia mwishoni, haikuwemo, na niliambiwa siku ya kwenda huko tukiwa tumeshapanda boti. Pesa yenyewe haikuwa kubwa. Kilichoniudhi ni kuambiwa nikiwa sina pa kushukia. Chuo sikitaji, maana nina ya kusifu na ya kulalamikia, na wenyewe wakisoma watajijua.

Asubuhi ya kwanza ilikuwa ya fomu ya afya (pumu, shinikizo la damu, masikio, operesheni za nyuma) na jaribio la kuogelea. Unaogelea mita 200 bila kupimwa muda, kisha unaelea dakika 10 bila kushika kitu. Mimi ni mtoto wa Tabata, kuogelea nimejifunza ukubwani. Nilimaliza wa mwisho kati ya sita, lakini nilimaliza.

Kisha bwawani. Pumzi ya kwanza chini ya maji ni kitu cha ajabu: akili inakukataza kuvuta, kifua kinavuta, na hewa inakuja kweli, kavu, yenye mlio kama mtu anayekoroma pembeni yako. Hilo nililizoea upesi. Kilichonishinda ni miwani. Zoezi linakutaka uiache ijae maji kwa makusudi, kisha uyatoe ukiwa bado chini: unabana ukingo wa juu kwenye paji, unainua uso kidogo, unapuliza kwa pua. Mkufunzi, Mzungu mwenye subira ya kiasi, alinieleza kwa Kiingereza mara tatu. Mara tatu nikavuta maji kwa pua na kupanda juu nikikohoa.

Aliyeniokoa ni msaidizi wake, kijana wa palepale Nungwi. Alinivuta kando, akasema: "Dada, penga kamasi tu. Ile ya asubuhi, taratibu. Usivute. Pua leo haina kazi nyingine." Nikapenga. Maji yakatoka yote. Kiingereza nakijua, nakifanyia kazi kila siku ofisini, lakini mwili ukiwa na hofu unasikia lugha ya nyumbani kwanza.

Yeye ndiye aliyegundua pia kwa nini miwani yangu ilikuwa inavuja muda wote. Nilisuka rasta za mbele, na mbili zilikuwa zinalala chini ya mpira wa miwani. Mpira unatakiwa ugande kwenye ngozi. Unywele mmoja tu unaweza kupitisha maji, sembuse rasta. Dada zangu, sukeni za kurudi nyuma. Na kwa wanaojisitiri: suti ya mpira inafunika mwili, na kuna kofia ya kitambaa hichohicho ya kufunika nywele na shingo. Kwenye kundi letu alikuwepo binti wa Pemba aliyevaa hivyo siku zote nne, na alikuwa bora kuliko sisi wote.

Sasa sikio. Siku ya pili tulitoka kwa boti kwenda mwamba wa karibu kwa mizamo miwili ya kwanza, ambayo haitakiwi kupita mita 12. Nilikuwa na mafua kidogo. Sikusema, nikihofia kupoteza siku. Tulipofika kama mita tatu sikio la kulia likauma kama limechomwa sindano. Nikabana pua na kupuliza, la kushoto likafunguka, la kulia likakataa. Mkufunzi alikuwa ameshatangulia chini na wengine, akanionyesha kwa mkono: njoo. Hapa ndipo lalamiko langu kubwa lilipo. Utaratibu unaruhusu hadi wanafunzi wanane kwa mkufunzi mmoja baharini, na sisi tulikuwa sita, kwa hiyo hakuvunja kanuni yoyote. Lakini mtu mmoja hawezi kuwatazama watano waliopiga magoti kwenye mchanga na wakati huohuo akamsikiliza wa sita anayening'inia juu.

Msaidizi akanipandisha. Juu ya maji akaniuliza moja kwa moja kama nina mafua. Nikakiri. Akasema mzamo wa leo basi, na hakunigombeza.

Jioni alinichorea mchangani kwa nini mita za mwanzo ndizo ngumu. Ukiwa juu, mgandamizo ni mmoja. Ukifika mita 10 umekuwa mara mbili, na hewa iliyojaza puto la lita 10 inabaki lita tano. Kutoka hapo, ili uongezeke maradufu tena, unahitaji kushuka hadi mita 30. Ndiyo maana sikio linalia mtu akiwa bado anaona jua. "Usingoje liume," alisema. "Fungua kila ukishuka kidogo. Likianza kuuma umeshachelewa." Na wakati wa kupanda kinyume chake: hewa iliyomo kifuani inatanuka, kwa hiyo usizuie pumzi hata mara moja. Hiyo ndiyo kanuni wanayoirudia kuliko zote.

Nikapumzika siku nzima ambayo haikuwa kwenye bajeti, nikila urojo na kusikilizia pua. Siku iliyofuata mafua yalikuwa yameisha. Kijana akanishusha kwa kamba ya boya, miguu ikitangulia, mkono baada ya mkono, tukisimama kila mara. Ilituchukua dakika kadhaa kufika mita tisa. Mkufunzi akaja mwishoni kunikagua mazoezi na kuweka tiki.

Aibu moja ndogo: nikiwa nimefurahi kufika, nikamwonyesha kijana dole gumba. Chini ya maji dole gumba maana yake ni "tupande". Akaanza kunipandisha. Ishara ya "niko sawa" ni kidole cha shahada na gumba vikutane kama duara. Nilisoma hayo kwenye simu, nikajibu mtihani, nikasahau.

Mizamo miwili ya mwisho ilikuwa Mnemba, kipindi cha maleleji, bahari imelala kama shuka. Changu, yule niliyezoea kumwona soko la Feri kwenye sinia macho yameganda, alikuja kunitazama usoni. Kasa akapita juu yetu bila haraka. Mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka, alikuwa amechomoza kichwa kwenye jiwe akifungua na kufunga mdomo. Nikadhani anatishia, kumbe ndivyo anavyopumua. Tulishuka na bar 200 (kipimo cha mgandamizo wa hewa) kwenye mtungi na kupanda tukiwa na 50 za akiba, tukasimama mita tano kwa dakika tatu kabla ya kutoka. Kurudi Dar nilipanda boti, ila ukiwa na ndege, baada ya mizamo kadhaa unatakiwa kusubiri angalau saa 18, kwa hiyo usikate tiketi ya jioni ileile.

Vifaa vyao ni vizuri, boti safi, chai ya tangawizi baada ya kuzama haina mfano. Nyota tatu na nusu. Ile nusu na moja nyingine ni za kijana wa Nungwi, ambaye jina lake halimo kwenye kadi yangu. Limo la mkufunzi. Nilimuuliza kwa nini yeye hafundishi rasmi, akasema mtihani wa ukufunzi unalipiwa kwa dola na bado anakusanya.

Nataka kurudi kwa kozi inayofuata, ya mita 30. Nilishapiga simu kuulizia nafasi, na kabla ya bei niliuliza kijana huyo yuko zamu wiki gani.