Council of the Great City Schools: inamfaa nini mjumbe wa bodi ya shule?

Hiki ni chama cha wilaya za shule za miji mikubwa ya Marekani. Kujiunga si kwa kila wilaya. Mji uwe na watu zaidi ya 250,000 na wilaya iwe na wanafunzi zaidi ya 35,000, au iwe ya mji mkubwa kuliko yote katika jimbo lake. Kila wilaya hupeleka watu wawili kwenye uongozi wa chama, msimamizi mkuu na mjumbe mmoja wa bodi yake ya shule, na uenyekiti wa chama hupokezana kila mwaka baina ya makundi hayo mawili.

Huduma bora ni ripoti ya vipimo vya uendeshaji: gharama kwa basi, asilimia ya wanafunzi wanaokula chakula cha mchana cha shule, siku zinazopita hadi ankara ilipwe. Wajumbe hukimbilia kutazama wilaya yao imekuwa ya ngapi, na hapo ndipo wanapopotea. Basi linalopiga tripu tatu asubuhi hula fedha nyingi kuliko linalopiga moja, ila ukigawa kwa mwanafunzi ni nafuu. Kwa hiyo vipimo hivyo viwili visomwe pamoja. Tena, bei ya mkandarasi wa mabasi ina dereva, bima na faida ndani yake. Wilaya yenye mabasi yake ikisahau kuhesabu pensheni za madereva, itaonekana hodari bure. Kabla ya kujilinganisha, mwombeni mhasibu wenu aoneshe kilichojumlishwa. Nyota nne kati ya tano.

Ukaguzi wa wenzao: mkuu wa usafiri hukaguliwa na wakuu wa usafiri wa miji mingine, watu wanaojua dereva akikosekana alfajiri hali inakuwaje. Kwa kawaida ni siku nne. Nyaraka hutumwa mapema. Jioni ya kwanza timu hukutana na uongozi, siku mbili ni za mahojiano na kupekua makaratasi, ya mwisho ni ya kupanga matokeo na kutoa muhtasari. Ripoti kamili hufuata. Udhaifu wake ni kwamba mapendekezo hayamfungi mtu. Bodi ipitishe azimio kabla timu haijafika: ripoti isomwe kwenye kikao cha wazi, na kila pendekezo lipewe mhusika na tarehe. Bila hilo, nyota tatu.

Kwenye manunuzi ya pamoja, chama kingine kimewazidi. Urban School Food Alliance, chama cha chakula cha shuleni cha wilaya kubwa, kilianza 2012 kwa wilaya sita, zikiwemo New York, Los Angeles na Chicago. Trei ya plastiki ya povu iligharimu kama senti 4. Sahani inayooza ikawa senti 15 hivi. Walipokubali sahani ya aina moja na kununua kwa pamoja, bei ikashuka hadi senti 4.9. Kila wilaya ingeng'ang'ania umbo lake, punguzo lisingepatikana.

Wilaya ndogo isijisumbue huku. Katika jimbo la New York ziko BOCES 37, yaani vyombo vya ushirikiano wa elimu ambamo wilaya jirani hushirikiana mafunzo ya ufundi, elimu maalumu na kompyuta, na jimbo hurudisha sehemu ya gharama.