Baiskeli ya bei nafuu na pesa ya fundi: ipi ununue Tanga

Ujumbe unaojaa kwenye simu yangu siku hizi hauulizi baiskeli ipi ni nzuri. Watu wameshanunua, ndiyo wanauliza: "Dada, nimechukua ya bei nafuu, nikimpa fundi hela abadilishe hiki na kile, itafaa?" Itafaa, ila inategemea fundi anagusa wapi. Breki, tandiko na keria sitavisemea, mtu wa Tanga anavikagua tangu utotoni. Mimi shida yangu ni kotapini.

Hiyo ni ile pini ya chuma inayobana krenki, yaani mkono unaoshika pedeli, kwenye ekseli ya katikati. Ubavu mmoja umechongwa bapa, na hapo ndipo inapobania. Mpya nyingi zinakuja na pini ya chuma laini. Unakanyaga kutoka Pongwe, kabla hujafika Ngamiani unasikia "kta" kila pedeli ikizunguka. Muuzaji atakwambia kaza nati. Usikaze! Nati inazuia pini isichomoke tu. Ukiilazimisha unakata uzi wa pini, na ekseli inaendelea kulika. Dawa ni pini ngumu, ipigwe nyundo huku krenki imeegemea chuma kizito kwa chini, uendeshe kidogo, urudi ipigwe tena. Fundi anayepiga krenki ikining'inia anaumiza gololi za ekseli na vikombe vinavyozishika. Na pini mbili ziingie kwa kupishana, la sivyo pedeli hazikai mstari mmoja.

Dukani fanya hivi: weka pedeli moja mbele na nyingine nyuma, zigandamize zote kwa pamoja, kisha zungusha nusu duara urudie. Krenki moja ikicheza hata kidogo, achana na baiskeli hiyo.

Sasa orodha. Namba moja kwangu ni Phoenix ya Shanghai, na sioni haya kusema nina upendeleo. Ringi za inchi 28, breki za fito za chuma badala ya waya, vipuri vyake hata fundi wa chini ya mwembe anavyo. Hii ndiyo inayostahili pesa ya fundi: kotapini mpya, gololi zipakwe grisi upya (nyingine zinatoka kwenye boksi karibu kavu), spoku zinyooshwe. Basi. Akianza kukushawishi akuwekee ekseli ya pembe nne, ile isiyotumia kotapini, iliyong'olewa kwenye baiskeli ya Japani, muulize kwanza kama uzi wa vikombe unalingana. Usipolingana atalazimisha, na fremu ndiyo imekwisha. Kuchomelea fremu "iwe ngumu" nako kataa, moto wa kuchomelea unadhoofisha bomba jembamba palepale pembeni ya kiungo.

Ya pili ni mtumba wa Japani. Krenki zake nyingi hazina kotapini kabisa, na ringi zake zikiwa za aluminiamu hazishiki kutu hata ukikaa Raskazone upepo wa chumvi ukupige mwaka mzima. Fremu iko chini, mwenye baibui anapanda bila taabu. Ila soma ubavu wa tairi: ukikuta 27 x 1⅜, tafuta tairi la akiba kabla hujalipa, maana la 26 halitaingia na la 28 litapwaya.

Tatu, Hero na Avon, zote za Ludhiana, India. Ngumu kwa kubeba mkaa na nazi, ugonjwa wa pini ni uleule. Zile mpya za gia na springi zisizo na jina, ziache. Fundi hana cha kuokoa pale.

Lakini kinachoniudhi zaidi ni wauzaji wenyewe. Mnakubaliana bei, ukishatoa noti anakwambia "bado hela ya kuunga". Kuunga nini? Niliuziwa boksi au baiskeli? Kijana wake anaunga haraka haraka, pini anazipiga kwa spana, ukirudi na mlio unaambiwa umepakia mzigo mzito. Mwingine anabandika nembo ya Phoenix kwenye fremu isiyojulikana ilikotoka, unaikwangua kwa ukucha inatoka, naye anakuangalia tu. Siku hizi nikienda kumchagulia mtu, pini nabeba zangu mfukoni, na ziwekwe mbele ya macho yangu kabla hela haijatoka. Wananuna, ila wanaziweka.