Moyo wa kurithi: mwanamume na mwanamke

Ugonjwa wa kurithi wa misuli ya moyo kunenepa hauchagui: kila mtoto wa mzazi mwenye jeni yenye kasoro ana uwezekano wa asilimia 50 kuirithi. Tofauti huja baadaye. Mwanamume mara nyingi hugunduliwa mapema, pengine hata hajisikii vibaya. Mwanamke huchelewa, hufika akihema kwa kupanda ngazi tu, njia ya damu kutoka moyoni imebanwa, na moyo kushindwa kazi humwandama zaidi. Inauma, kwa sababu kipimo chenyewe kinampunja: ukuta wa moyo wenye unene wa milimita 15 ndio hutumika kuutambua ugonjwa, kwa mwili mkubwa na mdogo vilevile. Kwenye ugonjwa mwingine wa kurithi, moyo uliotanuka kwa kasoro ya jeni iitwayo LMNA, kibao hugeuka: mapigo hatari huwaandama zaidi wanaume.